Chombo Kisicho na Breki

"Mwanangu, breki yake iko wapi?"

Aliyeniuliza ni bibi mmoja wa Mombasa aliyekuja Florida kumtazama mjukuu mchanga. Wenyeji wake walishampeleka ufukweni, wakampeleka madukani, na siku ile wakamleta Everglades, kinamasi kikubwa kilicho magharibi ya mji wa Miami, aone mamba. Nahodha wa boti nilikuwa mimi. Aliposikia nikimsalimia mkwewe kwa Kiswahili alifurahi. Nikampa shikamoo, akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Pemba, pande za Wete. Kisha akakaa benchi la mbele, akaigeukia boti na kuitazama kwa makini kama mtu anayechagua kuku gulioni. Ndipo akauliza.

"Haina, bibi," nikamjibu.

"Haina breki?"

"Haina breki, wala gia ya kurudi nyuma."

Akanikazia macho kidogo. "Na mama yako anajua kazi unayofanya?"

Familia nzima iliangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini katika miaka 11 ya kubeba watalii nimeulizwa mara nyingi mno kama mamba huruka, kama nyoka hupanda botini, na kama picha zinaruhusiwa. Hilo la breki nimeulizwa mara chache sana, ilhali ndilo la kwanza kustahili kuulizwa. Siku ile nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu abiria wengine walikuwa wanangoja. Jibu kamili ni hili.

Sinia, injini na pangaboi

Wamarekani wanaiita airboat. Mimi nikiwasimulia watu wa nyumbani nasema boti ya pangaboi, na picha inawajia mara moja. Chukua sinia la pilau uliweke juu ya maji: hilo ndilo umbo la chini ya boti hii, bapa kabisa, halina mkuku. Nyuma yake simamisha fremu ya chuma, uipandishie injini ya gari ya silinda 8 au injini ya ndege ndogo, uifungie rafadha, yaani pangaboi lenyewe, yenye upana wa karibu mita 2, kisha uizungushie kizimba cha vyuma na wavu. Nyuma ya rafadha simamisha mapezi mawili marefu. Hayo ndiyo usukani, na hayagusi maji hata kidogo. Kazi yake ni kuugeuza upepo unaotoka kwenye rafadha. Nahodha anakaa kwenye kiti kirefu, juu ya vichwa vya abiria, ili aweze kuona ng'ambo ya nyasi. Mguu wake wa kulia uko kwenye pedali ya mafuta. Mkono wa kushoto umeshika fimbo ya usukani: aghalabu ukiisukuma mbele boti inakwenda kulia, ukiivuta kwako inakwenda kushoto. Vya kuendeshea ndivyo hivyo tu.

Umbo hili la ajabu limeletwa na mahali penyewe. Everglades si ziwa, si msitu. Ni maji mapana yanayotambaa polepole kutoka pande za Ziwa Okeechobee kwenda kusini mpaka baharini, mahali pengi hayafiki kiunoni, na juu yake zimeota nyasi zenye meno makali kama msumeno. Mwandishi Marjory Stoneman Douglas alipaita mto wa nyasi katika kitabu chake cha 1947, mwaka uleule hifadhi ya taifa ilipozinduliwa. Boti ya kawaida, ile ambayo rafadha yake iko majini, haifiki mbali humo. Nyasi zitaifunga kama kamba, au itagonga mwamba wa chokaa ulio chini. Boti ya pangaboi inateleza juu ya vyote viwili.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1905, huko Baddeck, Nova Scotia, nchini Kanada, Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, na wenzake walitengeneza boti iliyosukumwa na rafadha ya hewani ili wajaribu rafadha za ndege. Waliipa jina la Ugly Duckling, yaani bata mwenye sura mbaya. Huku Florida zilienea kuanzia miaka ya 1930 kwa wawindaji wa vyura, watu wa mitaani waliofunga injini kuukuu kwenye mbao, wakatokomea kinamasini usiku na taa kichwani. Aliyenifundisha kazi hii ni mzee wa ukoo wa wawindaji hao. Maneno yake yalikuwa machache, na nusu ya hayo machache yalikuwa makaripio.

Upepo ukikata

Kwetu Pemba mtoto wa mvuvi hujua mapema kwamba mashua isiyo na mwendo haina usukani. Tanga likilala, unaweza kuing'ang'ania kana mpaka mkono ufe ganzi, chombo kitafuata mkondo tu. Nilipopanda boti ya pangaboi mara ya kwanza nilidhani hayo nimeyaacha nyumbani. Kumbe nimeyakuta huku, tena makali zaidi.

Usukani wa boti hii hula upepo wa rafadha. Ukikanyaga mafuta, upepo unapita kwa nguvu kwenye mapezi na boti inageuka. Ukiondoa mguu, upepo unakufa, na usukani unakufa nao papo hapo. Boti itaendelea kwenda kule ilikokuwa imeelekea, kimya kimya, hata ukiivuta fimbo mpaka ikatike. Kwa hiyo dereva wa gari anapofika hapa huja na adui ndani ya mwili wake mwenyewe, nao ni mguu wake. Miaka yote ameuzoesha mguu kwamba ukiona hatari, achia mafuta, kanyaga breki. Hapa breki hakuna, na kuachia mafuta ni kuutupa usukani majini.

Nimeyajua hayo kwa gharama. Wiki ya pili ya mafunzo nilikata kona ya njia nyembamba, nikakuta kichaka kimesimama mbele yangu. Mguu ukaruka wenyewe kutoka kwenye pedali. Boti ikaenda moja kwa moja, ikapanda kichakani, nasi tukabaki tumekaa juu ya matawi kama kunguru. Mzee hakuumia, hakupiga kelele. Alitoa majani kwenye shati lake, akasema: "Ungeangalia mbali, usingeogopa." Alimaanisha kwamba kichaka kile kilionekana tangu mita 100 nyuma, kwa mtu aliyekuwa anatazama. Mimi nilikuwa natazama pua ya boti.

Basi namna ya kusimamisha boti ya pangaboi ni kuanza mapema. Ikiwa kwenye maji, ukipunguza mafuta inashuka tumbo na maji yenyewe yanaipunguza mwendo. Juu ya nyasi zilizolowa huteleza mbali zaidi ya unavyodhani. Umbali hubadilika kwa mzigo, kwa upepo na kwa kina cha maji, na hakuna kibao kitakachokuambia. Mafundi wakubwa wanaweza kuizungusha boti ikatazama ilikotoka, kisha wakakanyaga mafuta ili msukumo uizuie. Nimeifanya, lakini kamwe si nikiwa na abiria. Boti inayokwenda kilomita 50 au 60 kwa saa ikilala upande, ubavu wake ukajichoma majini au kwenye tope, inapinduka. Injini nzito iko juu, nahodha yuko juu, na chini ni sinia tu. Kwa sababu hiyo kona huingiwa kwa mwendo mdogo, na mafuta huongezwa kidogo kidogo ukiwa ndani ya kona ili usukani ubaki hai. Upepo wa pembeni nao uhesabiwe, kwa kuwa kizimba na mapezi ni tanga usilolipandisha wewe.

Wimbi lako mwenyewe

Hatari ya pili hainigutui mimi mtoto wa pwani, ila huwagutusha wengi. Boti hizi hazina kina cha ubavu. Tezi, yaani upande wa nyuma uliobeba injini, imekaa karibu sana na uso wa maji. Unapokwenda kasi unaacha nyuma yako wimbi. Ukisimama ghafla, wimbi lile halisimami. Linakufuata, linakupata, linapanda juu ya tezi na kumwagika ndani. Maji ya wimbi moja yanatosha kuishusha tezi, na tezi ikishashuka wimbi la pili halihitaji kuwa kubwa. Nimeona boti ya mwenzangu ikikaa chini ya maji kwa muda wa mtu kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, siku tulivu, jua linawaka, hakuna dhoruba. Alikuwa amesimama ghafla kuwaonyesha wageni mamba.

Dawa yake ni nyepesi. Punguza mwendo kwa hatua. Ukihisi wimbi linakujia nyuma, kanyaga mafuta kidogo usogee mbele mpaka lipite. Na usiipakie boti uzito kupita uwezo wake.

Hapo kwenye uzito sina mzaha. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja kwetu Pemba, ikiwa na abiria wengi kupita idadi iliyoruhusiwa. Asubuhi ile nilikuwa ufukweni, na majirani zangu walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakingojewa. Tangu nilipopata kazi hii nahesabu vichwa kwa kidole kabla ya kufungua kamba, hata kama karani kaniandikia idadi. Mara moja bwana mmoja alinisihi nimchukue mwanawe awe abiria wa saba pamoja na wenzake sita, "mtoto mdogo tu, hana uzito." Nilimwambia asubiri boti ya pili. Alinuna. Anune.

Idadi peke yake haitoshi. Lazima uzito ukae sawa. Watu wazito wote wakiwa upande mmoja boti huvuta upande huo, na katika kona huo ndio utakaozama kwanza. Nahodha akikuambia uhame benchi, hajakudharau mwili wako. Anapanga shehena.

Kabla ya kuwasha

Kazi kubwa ya usalama ninaifanya wakati boti bado imefungwa. Wageni huona nazungukazunguka, wakadhani napoteza muda wao.

Kwanza natazama ngamani kama kuna maji, naijaribu pampu ya kuyatolea, na kuhakikisha nguruzi, kile kizibo cha tundu la chini, kipo mahali pake na kimekazwa. Kisha napitisha mkono kwenye ncha za rafadha. Rafadha inayozunguka kwa kasi ikiwa na ufa mdogo inaweza kupasuka, na vipande vyake huruka kama risasi. Natikisa kizimba kuona kama kuna chuma kilicholegea. Nanusa petroli: harufu ikiwepo siwashi injini mpaka nijue inatoka wapi. Nafunga kwenye mwili wangu kamba ya swichi ya kuzimia injini, ili nikirushwa kitini injini izime badala ya kuendelea bila mtu. Kizima moto, redio, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza viwepo.

Mwisho natazama bendera. Sheria ya Florida inataka kila boti ya pangaboi iwe na mlingoti wenye bendera ya rangi ya machungwa, iliyopanda angalau mita 3 kutoka sehemu ya chini kabisa ya chombo, isiyopungua kama sentimita 25 kwa 30. Ukiwa ndani ya nyasi za msumeno zilizokuzidi kimo, mwenzako anayekuja upande wa pili hakuoni. Na hakusikii pia, maana injini yake mwenyewe imeziba masikio yake. Kitu pekee kinachomwambia kwamba upo ni kile kitambaa kinachopepea juu ya nyasi. Nikikuta bendera imechanika sitoki.

Halafu nawageukia abiria. Hapa nina hotuba yangu ambayo wakubwa wangu kazini hawakunifundisha, nimeitoa nyumbani. Rafadha haisukumi hewa nyuma tu, inaivuta pia kutoka mbele, na mbele ya rafadha ndipo mnapokaa nyinyi. Kila kilicholegea kinaelekea huko. Kofia, miwani, tikiti, mfuko wa plastiki, simu. Kofia ikipita kwenye wavu inaweza kuivunja rafadha. Kwa mama zetu nasema zaidi: mtandio uchomekwe ndani, kanga ya mabegani ivuliwe ikunjwe na kukaliwa, nywele ndefu zifungwe. Yule bibi wa Mombasa alikuwa na kanga mbili. Alizikunja zote, akazikalia, akaniambia, "Haya, niambie jingine."

La jingine ni masikio. Kelele za kiwango cha desibeli 85, mtu akizisikia saa nane kila siku, humharibia usikivu polepole. Injini hizi hupita kiwango hicho kwa mbali. Wageni tunawapa vya kuzibia masikio. Wengine huvitia mfukoni kwa kuona vinawaharibia picha. Mzee wangu aliyenifundisha hakuvaa chochote kwa miaka 40. Leo ukitaka kuzungumza naye sharti ukae upande wa kulia na uinue sauti, na bado atakujibu la kwake.

Na jaketi la kuokolea? Huku watoto walio chini ya miaka 6 lazima wavae kwenye boti ndogo inayotembea, na kwa wakubwa lazima yawepo ya kutosha kila mmoja. Watu hunicheka: maji ya magoti, jaketi la nini? Nawajibu mambo mawili. Boti zetu huanzia kwenye mfereji uliochimbwa kando ya barabara, na mfereji huo ni mrefu kwenda chini. Na mtu aliyegonga kichwa akazirai hahitaji kilindi ili azame. Maji ya magoti yanamtosha.

Nyasi, moto na radi

Siku boti ikikwama au injini ikigoma, sheria ni moja: kaa ndani ya boti. Anayeshuka ili asukume hupotea nyasini hatua 20 tu kutoka alipotoka, mikono imechanjwa, jua linamchoma. Mamba wapo, lakini wengi hukukwepa usipowasogelea. Wanaoacha kukuogopa ni wale waliozoeshwa kulishwa, na ndiyo maana kuwalisha ni kinyume cha sheria katika Florida. Nahodha anayewarushia mkate ili wageni wapate picha nzuri anamwandalia balaa mtu mwingine.

Kiangazi kina jambo lake. Kuanzia Novemba mpaka Aprili maji hupungua, nyasi zikakauka, na bomba la moshi la injini ni la moto mkali. Boti iliyokwama juu ya nyasi kavu huku injini inaunguruma ni kiberiti kilichowekwa kwenye makuti. Ukikwama hapo zima injini, tazama moshi, shika kizima moto mkononi kabla hujajaribu tena.

Masika yao nayo, kuanzia Mei, huleta radi karibu kila alasiri. Ukiwa katikati ya uwanda wa nyasi, kitu kirefu kuliko vyote ni boti yako na mlingoti wake. Nikisikia ngurumo ya kwanza narudi, na hatutoki tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wageni waliolipa hawapendi. Ndivyo ilivyo.

Zamani mtu yeyote mwenye boti aliweza kubeba watalii kwa maelezo kwamba babake alikuwa mwindaji. Hilo limekwisha. Sasa ipo sheria ambayo watu wanaiita Ellie's Law, kwa jina la msichana wa miaka 22 aliyefariki katika ajali ya boti ya namna hii Mei 2017, siku moja tu baada ya mahafali yake ya chuo kikuu. Kila anayebeba abiria kwa malipo lazima awe amemaliza kozi ya usalama wa vyombo vya majini, kozi ya kuendesha boti hizi, na mafunzo ya huduma ya kwanza pamoja na ya kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama, na awe na uthibitisho wake ndani ya boti. Wapo wenzangu wazee walionung'unika kupelekwa darasani na nywele nyeupe. Mimi nilikwenda, na nilijifunza mambo mawili matatu ambayo Mzee hakuwahi kuniambia.

Usiku mmoja wa 1972

Usidhani naisema vibaya boti hii. Ni chombo ninachokipenda, na hapa Everglades kina heshima yake.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972 ndege ya shirika la Eastern Air Lines, safari namba 401 kutoka New York, ilikuwa inakaribia kutua Miami. Taa ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka haikuwaka. Marubani wakaishughulikia balbu ile, wote macho yao hapo, na hakuna aliyetambua kwamba mtambo wa kuishikilia ndege kwenye kimo chake ulikuwa umejiachia. Ndege ikashuka taratibu ikajibamiza kinamasini. Balbu ilikuwa imeungua tu. Watu 101 walikufa.

Kinamasini usiku ule alikuwamo Robert Marquis, na boti yake ya pangaboi, akiwinda vyura. Aliona mwako wa moto mbali gizani, akaelekea huko. Alifika kabla ya waokoaji wengine, akaanza kuwainua watu majini asife mtu kwa kuzama, huku mafuta ya ndege yakimuunguza. Helikopta zilipokuja zikitafuta mahali penyewe, alizielekeza kwa mwanga wa taa yake. Walionusurika walikuwa 75.

Kila ninapokumbuka kisa hiki nawaza juu ya macho. Ndege ile, ya kisasa kuliko nyingi za wakati wake, ilianguka kwa sababu macho yote yaliishia kwenye balbu moja. Na watu wale walifikiwa mapema kwa sababu mwindaji mmoja alikuwa anatazama mbali. Ndilo neno la Mzee siku tuliyokaa juu ya kichaka.

Wewe abiria

Msomaji wangu huenda hutakanyaga Everglades maisha yako yote. Lakini wengi wetu tuna jamaa Marekani, na boti hizi ni matembezi ambayo wageni hupelekwa. Ukifika, jitazamie haya. Je, nahodha amekupa maelezo kabla ya kuwasha, au amewasha kwanza? Amehesabu watu? Kizimba kimekamilika? Bendera ipo? Je, ananuka pombe? Ukishakaa, kaa. Mikono na miguu ndani, usisimame kupiga picha, usihame benchi mpaka uambiwe, na baada ya kufika usiinuke mpaka rafadha isimame kabisa na injini inyamaze. Kamwe usipite karibu na kizimba rafadha ikizunguka, hata kama inazunguka polepole kiasi cha kuhesabika.

Mengi ya haya hayahitaji safari ya Florida. Anayevuka kwenda Ukara, anayepanda mashua ya Tumbatu, anayekwenda kuangalia viboko kwenye mto Rufiji, wote wanakaa kwenye chombo ambacho hakina breki. Chombo cha majini kwa kawaida hakina. Kinachokizuia ni umbali ambao nahodha ameuacha mbele yake, na uzito aliokataa kuupakia.

Bibi wa Mombasa aliporudi bandarini alisubiri injini izime, akasimama, akajifunga kanga zake, akanipa mkono. "Sasa nimeielewa breki yako," akasema. "Ni uoga." Nilitaka kumsahihisha, nikaona amepatia zaidi yangu.

Kwa hiyo, popote unapopanda chombo, uliza kama alivyouliza yeye: kinasimamaje, kinabeba wangapi, jaketi langu liko wapi. Nahodha wa kweli atafurahi kukujibu. Anayekasirika kuulizwa, shuka, ungoje chombo kingine.